HARAKA HAINA BARAKA: Namna ya kuendesha gari ili kuokoa mafuta na kulinda usalama



Katika mikutano yetu ya Baraka, Fizi na Minembwe, viongozi wa kamati wanatuletea mara kwa mara swali moja: "Gari letu linakula mafuta kuliko tulivyopanga. Tufanye nini?" Swali hilo linatoka kwa kamati za afya, kwa makanisa yenye gari moja la zamani, kwa vyama vya wakulima vinavyokodi lori, na kwa wamotari wanaobeba wagonjwa. Kwa hiyo katika toleo hili tumeamua kulijibu.

Mtu anaweza kuuliza: habari ya mafuta na breki inaingiaje katika gazeti la amani? Inaingia moja kwa moja. Mafuta hayachimbwi wala hayasafishwi hapa kwetu. Yanatoka mbali, yanavuka mipaka, mara nyingine yanavuka ziwa, na mara nyingi yanamalizia safari ndani ya bidoni nyuma ya pikipiki. Vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, na kisha Uvira mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kila familia iliona jinsi maisha yetu yanavyotegemea barabara chache. Lita inayopotea bure Baraka inaweza kuwa ndiyo lita ambayo ingemfikisha mama mjamzito hospitalini. Na ajali moja, katika mahali ambapo jamaa hazijaaminiana vizuri bado, inaweza kugeuka ugomvi wa vijiji viwili.

Jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: mazoea yanayookoa mafuta ni yale yale yanayolinda gari, abiria na mtu aliye kando ya barabara. Huhitaji kuchagua kati ya kuokoa fedha na kuokoa watu.

1. MGUU MWEPESI

Gari hutumia mafuta mengi zaidi pale linapotolewa kwenye utulivu na kuongezewa mwendo. Kila mara dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, kisha akapiga breki ghafula mbele ya shimo, mafuta aliyotumia kupata mwendo ule yamegeuka kuwa joto la breki. Amelipa mara mbili: amechoma mafuta, na amekula breki na tairi.

Dereva mzuri hutazama mbali. Akiona shimo, mbuzi, daraja au barieri iliyo mbele, anaondoa mguu mapema na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Anaongeza mwendo polepole, na anapandisha gia mapema bila kuilazimisha injini kupiga kelele. Lakini pia asiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa mpaka itetemeke. Hilo nalo linaharibu injini.

Hesabu ya mwendo ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linatembea karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja tu kushtuka na kuhamisha mguu, gari limekwisha kupita mita 17 kabla breki haijaguswa. Kwa kilomita 30 kwa saa ni mita 8 hivi. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ishikwe unaongezeka karibu mara nne. Kwenye barabara ya taifa namba 5, inapopita katikati ya nyumba na masoko huko Makobola, Mboko na Baraka, watoto wanachota maji na kucheza hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu. Mita hizo ndizo tofauti kati ya kuogopa na kuzika.

2. KUPANDA NA KUTEREMKA

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Minembwe iko zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo gari linalopanda kutoka kando ya ziwa linapanda zaidi ya kilomita nzima kwenda juu. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu: karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Mzigo uliobebwa bila shida Baraka unaweza kuwa mzito mno kwenye milima. Anayejua safari yake inapanda, apunguze mzigo kabla ya kuondoka, asingoje gari likwame.

Joto nalo lina hatari yake. Kwenye mita 2,000 maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana kifuniko cha radiata ni lazima kiwe kizima, kwa sababu ndicho kinachoyazuia maji ya ndani yasichemke mapema. Mshale wa joto ukipanda, simama na kuacha injini ipoe. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Maji yatakurukia usoni.

Katika kuteremka, wako madereva wanaoondoa gia au hata kuzima injini, wakidhani wanaokoa mafuta. Tunawaomba waache kabisa. Gari la mazutu likiwa kwenye gia, na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, pampu inakata au kupunguza sana mafuta yanayoingia, na injini yenyewe inalishika gari. Likiwa bila gia, injini inaendelea kunywa kidogo kidogo, na breki peke yake inabeba uzito wote. Breki ikipata moto kupita kiasi inapoteza nguvu. Oili yake ikichemka, kanyagio linazama mpaka chini na gari halisimami. Na injini ikizimwa, kwa magari mengi msaada wa breki na wa usukani unapotea. Kanuni ya wazee wa barabara ni hii: teremka kwa gia ile ile ambayo ungetumia kupanda mlima ule.

3. INJINI INAYONGURUMA BURE

Injini kubwa ya mazutu ikiachwa inanguruma gari likiwa limesimama, inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa. Ukingoja mkutano uishe, ukingoja mzigo upakiwe, ukingoja kwenye barieri yenye foleni ndefu, zima. Kama gari lina tabo na limetoka kupanda mlima, liache lingurume dakika moja au mbili kwanza ili tabo ipoe, kisha zima.

Kuhusu barieri, tuongeze neno la usalama. Punguza mwendo ungali mbali. Shusha vioo, zima redio, weka mikono mahali inapoonekana, sema kwa heshima. Na kama si kwa ajili ya mgonjwa, usisafiri usiku. Safari ya usiku inaficha mashimo, inaficha watu, na inaleta wasiwasi kwa kila anayesikia mlio wa gari.

4. TAIRI, CHUJIO NA TONE

Kabla ya kuwasha gari asubuhi, dakika kumi zinatosha kuangalia mambo haya:

- Tairi. Tairi yenye upepo mdogo inazuia gari kuteleza mbele, hivyo injini inatumia nguvu zaidi. Tena inapata moto na inaweza kupasuka. Pima upepo tairi ikiwa baridi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa gari. Aliyepunguza upepo ili kutoka kwenye matope au mchanga, ajaze tena kabla ya kuendelea.

- Chujio la hewa. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara zetu linaziba chujio haraka. Injini isiyopumua vizuri inatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Lifungue, ulikung'ute taratibu, na ulibadilishe likichakaa. Usiendeshe bila chujio. Vumbi litakula injini.

- Oili, maji na oili ya breki. Angalia vipimo vyote. Oili ya breki ikipungua, usiongeze tu na kuondoka, tafuta inakovujia.

- Kuvuja kwa mafuta. Tazama chini ya gari lilipolala. Tone moja kwa kila sekunde linaweza kufikia zaidi ya lita moja kwa siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

- Mizigo ya juu. Vitu visivyo na kazi, vyuma na bidoni tupu, vitolewe. Uzito wa juu unakula mafuta na unalifanya gari lipinduke upesi kwenye kona. Kizito kiwekwe chini, karibu na katikati.

Kwa wamotari: mambo ni yale yale, na kuna mnyororo pia. Mnyororo mkavu au uliolegea unakula nguvu ya pikipiki, na ukikatika kwenye mteremko unaweza kuzuia gurudumu la nyuma. Kupakia watu watatu na magunia kunaharibu breki, na kunawaweka hatarini wote waliopanda.

5. MATOPE NA MITO

Gari lenye nguvu ya magurudumu manne litiwe nguvu hiyo kabla ya kuingia matopeni. Ukingoja likwame kwanza, magurudumu yanazunguka bure, mafuta yanaungua, na barabara inachimbika kwa ajili ya anayekuja nyuma yako.

Mito yetu inatoka milimani na kuanguka ziwani kwa mwendo mfupi, kwa hiyo inajaa ghafula, hata kama pale ulipo hakuna mvua. Tunakumbuka mafuriko ya Uvira ya mwezi wa Aprili 2020, yaliyobomoa maelfu ya nyumba na kuharibu madaraja. Ukikuta maji yanakwenda kwa nguvu na huoni chini, ngoja. Mara nyingi mto uliojaa ghafula hupungua baada ya saa kadhaa. Mwenda pole hajikwai.

6. MAFUTA YA BIDONI

Watu wengi hapa hununua mafuta kando ya barabara, kwa bidoni au kwa chupa. Familia nyingi zilizokimbia makwao pia zinaishi kwa kuyauza. Tuseme wazi hatari zake.

Mafuta ya bidoni mara nyingi yana maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanakaa chini. Iache bidoni itulie usiku mmoja, kisha mimina taratibu kupitia kitambaa kizito kilicho safi, na ubakize kile cha chini. Chujio la mazutu lenye sehemu ya kutolea maji lifunguliwe mara kwa mara. Usiweke esansi katika gari la mazutu.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia nyumbani, unafika kwenye mbabula au kwenye taa iliyo mbali na bidoni. Kwa hiyo mafuta yasilale ndani ya nyumba wanamolala watoto, wala ndani ya kibanda cha turubai. Yawekwe nje, kivulini, mbali na moto. Unapojaza bidoni, iweke chini kwenye udongo, usiijaze ikiwa ndani ya gari. Na bidoni iliyobeba mafuta isitumiwe tena kwa maji ya kunywa, hata ikioshwa kwa sabuni.

Tukumbuke Sange. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka katika mji huo wa bonde la Ruzizi. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, na wengine walikuwa karibu, wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kila mzazi na kila kiongozi awafundishe vijana: lori la mafuta likianguka, usikaribie kuchota, kimbia mbali, uwazuie na wengine. Hakuna ndoo ya mafuta inayofaa kununuliwa kwa mtoto.

7. NG'OMBE, WATEMBEAJI NA UJIRANI

Sehemu hii tunaiandika hasa kwa ajili ya viongozi.

Katika nyanda za juu, na njiani kati ya Fizi na Minembwe, barabara ni ya watu wote: mama mwenye mzigo wa mihogo, mwanafunzi, mchungaji na ng'ombe wake. Wakati wa kiangazi wachungaji huteremsha ng'ombe kutafuta majani. Kwa familia nyingi, ng'ombe waliosalia baada ya uporaji wa miaka hii ndio mali yote waliyo nayo. Kwa mkulima, shamba lililo kando ya njia ndiyo chakula cha mwaka. Dereva anayepita kwa kasi akagonga ng'ombe, au akakwepa shimo kwa kupita katikati ya mihogo, amegusa kidonda kilicho wazi. Watu hawatasema "dereva fulani amegonga ng'ombe." Watasema "watu wa kabila fulani wameua ng'ombe wetu."

Kwa hiyo ukikutana na kundi, simama. Usipige honi ya kutisha. Mwache mchungaji alipitishe kundi lake, msalimie, kisha endelea. Dakika tano hizo ni kazi ya amani.

Tahadhari nyingine: kwetu Kongo tunatembea mkono wa kuume, na Tanzania wanatembea mkono wa kushoto. Magari mengi yaliyoko huku yameletwa yakiwa na usukani upande wa kuume. Dereva wa gari la namna hiyo haoni vizuri anapotaka kulipita gari lililo mbele yake. Asipite mpaka barabara iwe wazi kabisa.

Na ajali ikitokea licha ya yote? Tunashauri mpango ambao kila kamati inaweza kukubaliana nao mapema, kabla ya siku mbaya:

Kwanza, dereva asimame na kumsaidia aliyeumia. Kama kuna hatari ya kupigwa, aende mpaka kituo cha polisi kilicho karibu na kutoa habari hapo hapo. Kutoroka kabisa ndiko kunakowasha moto.

Pili, chefu wa lokalite na wazee wa pande zote mbili waitwe mara moja, kabla uvumi haujatembea kwa simu.

Tatu, lisemwe jina la tendo, lisitajwe kabila. Ni ajali ya gari, siyo vita ya watu.

Nne, makubaliano ya matibabu au malipo ya mnyama yaandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote, na kila upande ubaki na nakala. Lakini mtu akiumia au akifa, jambo hilo lifikishwe kwa polisi na mahakama. Makubaliano ya wazee hayachukui nafasi ya sheria.

8. KAYE YA GARI

Tumalizie na kitu kidogo chenye nguvu kubwa: daftari la gari, ile tunayoiita kaye. Kila safari iandikwe: tarehe, kilomita za kuondoka na za kurudi, lita zilizotiwa, bei, nani alisafiri, kwa kazi gani.

Hesabu yake ni hii. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita. Safiri. Jaza tena mpaka juu, andika lita zilizoingia. Tuseme gari limetembea kilomita 300 na limepokea lita 48. Gawanya 48 kwa 300, zidisha kwa 100: ni lita 16 kwa kilomita 100. Mwezi unaofuata, kwa njia ile ile na kilomita zile zile, zimeingia lita 57. Sasa ni lita 19 kwa kilomita 100. Lita 9 zimekwenda wapi?

Hapo kamati isianze kwa kumshitaki mtu. Iulize kwanza: mvua imeharibu barabara? Tairi zina upepo? Chujio limeziba? Mafuta yanavuja? Mzigo ulikuwa mkubwa? Kama hayo yote ni sawa, ndipo waulize kama mafuta yaliuzwa. Fedha ya lita 9 ingeweza kununua esansi ya kuitembeza pikipiki ya wagonjwa zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo swali hilo ni halali kabisa.

Kamati iliyo na wajumbe Wabembe, Banyamulenge, Bafuliru na Banyindu inahitaji kaye zaidi ya nyingine yoyote. Pasipo hesabu, kila upande utasema gari linawahudumia wale wengine. Kaye ikisomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi, mbele ya wote, uvumi unakosa chakula.

KILA MMOJA NA SEHEMU YAKE

Wewe dereva: mguu mwepesi, macho mbali, gia kwenye mteremko.

Ninyi kamati: msimpe dereva saa zisizowezekana kisha mkamlaumu kwa kukimbia. Mlipeni kwa wakati, mpeni kipima upepo na fedha ya chujio, na msome kaye.

Ninyi wasafiri, wamama na wazee mnaopanda malori na pikipiki: nauli mnayolipa inawapa haki ya kusema. Waambieni kwa upole, "Shofa, pole pole, tuna watoto." Mkisema wote pamoja, atasikia. Na siku ya soko, likija lori lililojaa mpaka watu wanashikilia kamba, kama mnaweza kungoja lingine, ngojeni.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaoishi huku tunaongeza kwamba hata mji wa Baraka haufikiwi kwa haraka. Unafikiwa na yule aliyeangalia tairi zake asubuhi, akateremka kwa gia, na akasimama ng'ombe walipovuka.

Tunawatakia safari njema na amani.